Siku Arobaini Ndani ya Mchanga

Mwalimu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Dawati la Tatu, kwa sababu ndipo nilipokaa wakati akitufundisha kemia. Miaka ikapita, nikafungua duka langu la vifaa vya sola mtaa wa Lipangalala, hapa Ifakara, nikazaa, mvi zikaanza kunichungulia, na bado alisimama mlangoni na kuniuliza, "Dawati la Tatu, umekula?" Mwenzetu mmoja aliyekuja kuwa padri aliitwa Dirishani, tena mbele ya waumini wake, na hakuthubutu kununa.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Sivijui vizuri, na ukimwuliza alikuwa akijibu, "Andika kwamba nilishuka kutoka Mahenge kwa miguu, inatosha." Ninachoweza kueleza ni tabia zake na kosa langu, kwa sababu kwangu mimi vitu hivyo viwili havitengani tena.

Alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi. Koti lake la maabara liliwahi kuwa jeupe. Penseli aliichomeka sikioni na hakumwazimisha mtu, hata mkewe, ambaye aliandika orodha ya sokoni kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Hakusifu. Ukifanya jambo vizuri alikaa kimya, na wewe ukajua kuwa kimya kile ndiyo zawadi yako. Alipokasirika sana alihamia lugha yake ya Kipogoro, nami Mndamba nilimshukuru Mungu kwa kutoelewa yote.

Alipostaafu aligeuka fundi wa betri, ingawa neno fundi hakulipenda. Chini ya bati nyuma ya nyumba yake, nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu, pale ardhi inapoinuka, aliweka meza, mita ya kupimia umeme na taa ya kusomea. Watu walimletea betri za simu, za taa za sola, za kompyuta, zile za lithiamu ambazo siku hizi ziko kila nyumba bondeni, hata nyumba ambayo haina mlango. Nusu alizitengeneza. Nusu nyingine alizizika.

Nasema alizizika kwa maana alizizika kweli. Uani kwake palikuwa na madebe yaliyojaa mchanga mkavu, yamepangwa mbali na ukuta, kila moja na mfuniko wake wa bati. Betri iliyovimba, iliyodondoka kutoka kwenye pikipiki au iliyolowa maji iliingia mchangani, na Mwalimu akachukua chaki akaandika tarehe juu ya mfuniko. Humo ilikaa siku arobaini. Kila asubuhi, kabla ya chai, alipita kwenye madebe yake na kuyagusa kwa mgongo wa mkono, moja moja, akisikiliza kama lipo lenye joto.

Majirani hawakulipenda jambo hili. Mtu anayezika vitu uani na kuhesabu arobaini, wao walikuwa na jina lake, ingawa hawakulitamka mbele yake. Zamu ya jumuiya ya kanisa kusali nyumbani kwake ilipofika, wakahamishia sala nyumba ya pili. "Afadhali," alisema, "walikuwa wanakanyaga mchanga wangu."

Nilimwuliza siku moja, "Mwalimu, hiyo arobaini ni sayansi ndiyo imesema?"

"Sayansi imesema subiri. Betri iliyoumia leo inaweza kuwaka leo, inaweza kuwaka wiki ijayo, inaweza kuwaka mwezi ujao wewe umeshasahau. Arobaini nimeisema mimi, kwa sababu watu wa hapa wanajua kuihesabu."

Alikuwa na neno lake moja ambalo sisi wanafunzi wake tuliligeuza utani. Mteja alileta betri iliyodondoka, Mwalimu akaigusisha nyaya mbili za mita, akatazama, akasema, "Inasoma vizuri." Halafu akaibeba kwenda nayo kwenye mchanga. Nakumbuka mama mmoja muuza samaki wa sokoni alivyomkimbilia nyuma.

"Mwalimu, si umesema inasoma vizuri? Mbona unaizika sasa?"

"Ndiyo maana naizika," alimjibu bila kugeuka. "Iliyokufa haina cha kunificha."

Kwa kufundisha alikuwa na moto bado. Ukikaa kwenye benchi lake dakika tano, umeshaingia darasani. Betri ya lithiamu, alisema, ina pande mbili, na katikati kuna kimiminika ambamo chembe za lithiamu husafiri kwenda na kurudi. Kimiminika hicho kinawaka kama petroli. Pande zile zikigusana ndani, kwa kutu, kwa pigo, kwa miiba midogo ya chuma inayoota polepole, kimiminika kinachemka na betri inavimba, halafu inapasuka. Na kabla haijapasuka, hutoa harufu. Alitunusisha harufu hiyo mara moja, kwenye betri ndogo ya simu iliyovuja, akiishika kwa koleo. Ilikuwa tamu, ya kupanda puani, kama chupa ya rangi ya kucha iliyofunguliwa.

"Mkiinusa hii ndani ya nyumba, msitafute imetoka wapi," alisema. "Tokeni kwanza."

Lakini hofu haikuwa yote aliyokuwa nayo. Ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani, kati ya kurasa mbili, alihifadhi bahasha, na ndani ya bahasha kipande cha utando chenye ukubwa wa stempu, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Alitumiwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akisoma nje. Ni plastiki ya aina yake, polima iliyoyeyushwa pamoja na chumvi ya lithiamu, na chembe zilezile hupita ndani yake bila kimiminika chochote. Katika betri ya namna hiyo hakuna cha kuvuja wala cha kuchemka. Kazi iliyobaki, alinieleza, ni unene. Ukiufanya utando mnene, chembe zinachelewa na betri inakuwa goigoi. Ukiufanya mwembamba, inachangamka, lakini ile miiba inautoboa. Wanatafuta utando mwembamba usiotoboka, na alikuwa na hakika wataupata.

"Nitakufa kabla haujafika Ifakara," alisema, "lakini wewe utauuza dukani kwako. Siku hiyo madebe yangu yapandwe maua."

Aliwahi kujaribu kuutengeneza mwenyewe. Yule mwanafunzi alimtumia unga wa ile plastiki, naye akaupika kwenye sufuria ya maziwa ya mkewe, juu ya jiko la mkaa, milango imefungwa. Alipata kitu kama ute uliokauka. Sufuria haikufaa tena. Alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba haitawezekana, maana vitu hivyo hutengenezwa penye hewa kavu kabisa, na hapa kwetu hata chumvi ya mezani inalia machozi. "Bonde hili lote ni adui yake," alisema akikwangua sufuria, na mkewe akamwambia kuwa yeye pia ni adui yake, mpaka anunuliwe nyingine.

Na mtu huyuhuyu, aliyewafukuza watu kwa betri zilizovimba, simu yake mwenyewe ilikuwa na tumbo. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umefunguka, akaufunga kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Tulimcheka, akasema anaichunguza. Ukweli ni kwamba ilikuwa na sauti ya binti yake aliyekuwa mbali, salamu alizomrekodia, na aliogopa kuifungua simu zisije zikapotea. Usiku aliilaza ndani ya debe. Nadhani alikuwa anajua kuliko wote jinsi mtu anavyojidanganya kwa kitu anachokipenda, na labda ndiyo sababu alikuwa mkali hivyo kwetu.

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa na ngozi ya kung'aa, isiyo na mistari. Kila mtu alimpa hadithi yake: mara tindikali, mara uji wa moto. Mkewe ndiye aliyenieleza, siku moja tukichambua mchele. Zamani kidogo, jirani alimletea betri ya taa iliyodondoka. Mwalimu akaipima, ikasoma vizuri, akairudisha. Siku ya kumi nyumba ya yule jirani ikateketea yote, na Mwalimu akaungua vidole akiingia kuwaokoa. Watu walitoka salama, lakini bibi wa nyumba ile hakusema tena sawasawa mpaka alipofariki. "Tangu hapo hajalala kama wewe unavyolala," mkewe aliniambia.

Nilikuwa nayajua haya yote. Naomba ikumbukwe, maana nakuja kwenye mafuriko.

Maji yaliingia dukani kwangu yakafika kiunoni. Nilikuwa na betri kumi na mbili za sola nilizoziunda kwa mkono wangu kutokana na seli za betri za kompyuta kuukuu, kazi yangu ya msimu mzima. Maji yalipoondoka nilizikuta matopeni. Na nikafanya kile ambacho kila mtu wa hapa kwetu hufanya simu yake ikilowa: nikazipeleka kwenye mpunga. Mama yangu anaishi Katindiuka, kwenye nyumba ambayo chumba kimoja ni ghala, na magunia yake yalikuwa juu ya meza, makavu. Nilizifukia humo siku tatu, mpunga unywe maji. Nilipozitoa nilizipima. Zote zilisoma vizuri. Nikauza kumi na moja kwa wiki moja, maana baada ya mafuriko kila mtu alitaka taa.

Ya kumi na mbili nilimwachia Mama. Alikuwa amepooza upande mmoja, na tangu maji yaingie mpaka miguuni mwa kitanda chake alikuwa anaogopa giza kama mtoto. Jirani alikuja kumhudumia asubuhi na jioni, muda mwingine alikuwa peke yake. Niliiweka betri kando ya kichwa chake, nikamfungia taa mbili na redio, nikamwambia, "Hii nimeiunda mwenyewe, Mama." Aliipapasa kwa mkono wake mzima na kusema kuwa sasa anaona faida ya ada aliyonilipia.

Mwalimu alikuja dukani, akatazama mstari wa matope ukutani, akatazama rafu tupu. Hakuniuliza kama nimekula.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Umezikaushia wapi?"

Nilipomwambia alifumba macho. "Mpunga unakunywa maji ya juu, Dawati la Tatu. Ndani kutu imeshaanza kazi. Nani na nani wamenunua?"

Kwa wiki mbili tulizunguka mimi na yeye kwa bajaji, tukirudisha betri nyumba kwa nyumba. Wengine walitutukana, mmoja alitufungulia mbwa. Tulirudisha kumi na moja, na zote zikaenda mchangani. Tatu katika hizo zilichemka zikiwa ndani ya debe, na Mwalimu akaniita nije niguse bati. Niligusa, nikaurudisha mkono upesi.

"Ya kumi na mbili?"

Hapo ndipo nilipomdanganya. Nilisema iliuzwa kwa mama mmoja abiria wa treni, aliyekuwa akienda Mlimba, simjui jina. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Akilini nilimwona Mama gizani, ananiuliza ile ya kwangu imekuwaje. Nilijiambia ile niliikausha vizuri zaidi, ilikaa katikati ya gunia. Niliipima kila nilipokwenda kumwona na kila mara ilisoma vizuri. Na nilikuwa nimechoka kuonekana mjinga na mtu yule. Hizo ndizo sababu zangu, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kuisema mbele yake.

Aliandika kwa penseli yake: Mlimba, mwanamke, moja. Nikadhani yameisha.

Kumbe alipanda treni. Na magoti yale ya uzee, na mabuti yale, na mita yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mkewe alikuja kuniambia amekwishaondoka, na sikumfuata. Alikaa Mlimba siku tano, akilala kwa katekista mmoja, akigonga milango na kuuliza kama kuna mama aliyenunua betri ya sola Ifakara. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Alirudi na homa ya mapafu.

Nilipokwenda kumwona ilikuwa siku ya thelathini na nane tangu maji yaingie. Najua kwa sababu aliniambia yeye, kabla sijakaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo thelathini na nane." Sauti ilikuwa imebaki ndogo. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha sebuleni, mchana kweupe, blanketi hadi kidevuni, na daftari lake kifuani. "Sikuipata. Nimekwenda nyumba kwa nyumba, mpaka ng'ambo ya reli. Kuna mitaa miwili sikuifikia, miguu ilikataa. Unisamehe."

Mtu ambaye hakuwahi kuniazimisha penseli alikuwa ananiomba msamaha. Nikasema yote palepale, harakaharaka, bila kumtazama: hakuna mama wa Mlimba, hakuna abiria, betri iko Katindiuka, kando ya kichwa cha Mama.

Nilingoja Kipogoro. Hakikuja. Alikaa kimya, na safari hii kimya hakikuwa zawadi.

"Mama yako anaweza kutembea?"

"Hapana."

"Basi unakaa hapa kufanya nini?"

Nilichukua bodaboda. Barabara ya Katindiuka ilikuwa imeliwa na maji, dereva akaniambia nishuke mara mbili tuivushe pikipiki, na mara zote mbili nilimwacha nikakimbia mbele mpaka akanifikia. Mlango wa Mama ulikuwa wazi. Redio ilikuwa kimya. Alikuwa amelala anatazama dari, akageuza kichwa aliponisikia, akatabasamu kwa upande wake mzima.

"Mwanangu, afadhali umekuja. Nani humu ndani anapaka rangi ya kucha? Toka asubuhi nanusa."

Sikutafuta imetoka wapi. Nilimbeba. Sijui nilipata wapi nguvu, yeye ni mtu mzima na mimi si mkubwa, lakini nilimbeba na shuka lake, akinigombeza kuwa namvua nguo mbele ya dereva, nikamfikisha mpaka kwenye turubai la kuanikia mpunga, mbali na ukuta. Dereva alitaka kurudi ndani kuokoa redio, nikamshika shati. Tulisikia mlio kama wa kitu kinachokaangwa. Halafu moshi mweupe ukatoka mlangoni, halafu moto. Kitanda kiliungua, paa liliungua, na ghala lote la mpunga liliungua mpaka jioni. Mama alikaa juu ya turubai akitazama. Hakulia. Aliniuliza mara moja tu, "Ni ile ya kwako?" Nikamjibu ndiyo.

Kesho yake nilirudi kwa Mwalimu nikiwa na maganda meusi ya seli ndani ya ndoo. Nilitaka aone, aifute kwenye daftari. Alizihesabu zote kwa macho, akatikisa kichwa kuwa zimetimia.

"Mama?"

"Mzima. Yuko kwangu."

"Hii ndiyo ya kumi na mbili," alisema. "Ya kumi na tatu iko wapi?"

"Mwalimu, hakuna ya kumi na tatu. Nakuapia. Zilikuwa kumi na mbili."

Alinitazama muda mrefu. Nilimwona jinsi anavyonitazama, nikaufahamu mtazamo ule, nilikuwa nimeuona juu ya meza yake kwa miaka.

"Unasoma vizuri, Dawati la Tatu," alisema.

Halafu akamwambia mkewe anipe chaki. Akanituma uani, kwenye debe tupu la mwisho, niandike tarehe ya siku ile juu ya mfuniko. Nilimwuliza ni ya nini, maana hakuna kilichobaki cha kuzika. Alisema ni yangu. Nisije kwake kabla ya siku arobaini. Zikitimia nije, naye atanitazama upya, na tutaendelea pale tulipoachia.

Nilizihesabu. Nilipita mbele ya nyumba ile kila asubuhi nikifungua duka na sikugeuza shingo. Mkewe alikuwa akinipungia mkono, nami namjibu kwa kichwa. Kila mteja aliyeniuliza kuhusu betri nilimwambia subiri.

Mwalimu alifariki siku yangu ya thelathini na moja. Nilisimama nyuma kabisa msibani, kwenye madebe, kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kusogea. Mkewe alinikabidhi kitabu cha nyimbo na ile bahasha ndani yake, akasema Mwalimu aliagiza nipewe, ila hakusema nipewe lini. Utando bado umo, sijaugusa. Mfuniko wenye tarehe yangu niliomba niuchukue, uko dukani juu ya rafu, na chaki haijafutika.